Mtambo wa Miguu Niliouchagua Mimi

Latifu, mdogo wa marehemu mume wangu, alininyang'anya nafasi yangu ya gitaa la solo katika bendi yetu ya Kongowe. Pamoja na nafasi alichukua mtambo wa miguu niliouchagua mimi, na sauti kumi nilizozitia ndani yake kwa miezi miwili. Hakutumia nguvu. Alitumia karatasi, na maneno mawili ambayo mimi niliyaelewa vibaya na yeye akaniacha niyaelewe vibaya.

Hajira, binti yangu, ndiye anayeandika haya ninapoyasema. Nimemwambia asilainishe kitu.

Naitwa Mwamvita Mwinyijuma, nina miaka arobaini na minane. Nilizaliwa Kibuta, kule Kisarawe. Baba alikuwa na shamba la mihogo na mikorosho michache, na ngedere walikuwa wanatumaliza. Nilipofika darasa la pili akanitoa shule nikalinde shamba. Kaka zangu walikuwa wanasoma vizuri, na mimi, kwa maneno yake, nilikuwa bado sijafika mahali pa kujuta nikiacha. Alinijengea dungu la miti, akanipa debe la kupiga ngedere wakija. Debe lilinichosha siku ya tatu. Nikachukua gitaa lake kavu lililokuwa linaning'inia ukutani na nyuzi nne tu, nikapanda nalo. Ngedere walilikimbia gitaa kama walivyolikimbia debe. Baba alipojua hakunipiga. Alikwenda kununua nyuzi mbili zilizopungua. Kwa hiyo gitaa na kutojua kusoma nilivipata mahali pamoja, mwaka mmoja, na mpaka leo watu wakinisifu kwa kimoja hunitukana kwa kingine.

Seifu aliponioa alinileta Kongowe, hii ya Kibaha, si ile ya Dar. Yeye alipiga besi. Yeye na Latifu walikuwa na bendi ndogo ya harusi, na mpiga solo wao alipata kazi ya mgodini akaondoka zikiwa zimebaki siku nne shughuli ianze. Seifu akasema, "Mke wangu anazijua nyimbo zote." Latifu alicheka. Alicheka mpaka nilipopiga. Nimepiga miaka kumi na saba tangu siku hiyo.

Asubuhi mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na ninaikanyaga peku, kwa sababu kisigino kinasikia kitambaa kinapokuwa kizito kabla mkono haujasikia. Gitaa nalo nimelipiga peku miaka yote. Wako waliosema ni ushamba. Hao hao huniletea magauni niwapunguzie kiuno.

Seifu alifariki miaka mitano iliyopita, na Latifu akawa kiongozi wa bendi. Wakati huo nilikuwa nabadilisha sauti ya gitaa kwa vidude vitatu vilivyofungwa kwa mpira wa baiskeli, kila kimoja na waya wake. Kutoka sauti laini kwenda sauti ya kulia ilibidi nikanyage viwili kwa pamoja na niiname kugeuza cha tatu. Niiname mbele ya wageni, na gitaa begani. Mwaka jana Latifu akatangaza kwamba bendi itanunua mtambo mmoja wa miguu, ule unaotunza sauti zote ndani yake, pamoja na makanyagio mawili ya kusukuma.

"Shemeji, utachagua wewe," akaniambia mbele ya wenzetu wote. "Miguu ni yako."

Nilifurahi. Nalisema hili ili ijulikane kwamba sikuwa na kinyongo cha zamani.

Tulikwenda kwa fundi Zaidi, Kisarawe. Zaidi alifanya kazi ya vyombo vya muziki mjini miaka mingi, kisha akarudi kwao mlimani akafungua karakana jirani na stendi. Bendi za mbali humfuata huko huko kwa sababu hasifii kitu kibovu. Siku hiyo alikuwa na mitambo mitatu mezani.

Latifu aliupenda wa kwanza kabla hajaugusa. Ulikuwa mwembamba, una kioo kikubwa chenye rangi.

"Huu hapa," akasema. "Unaandika jina la kila sauti. Kama simu."

"Nani atasoma?"

"Utajifunza, shemeji."

"Haya. Fundi, tuutoe nje."

"Nje kufanya nini?" Latifu akauliza.

"Harusi zetu huwa tunapigia kabatini?"

Fundi Zaidi akacheka kimya kimya, akavuta waya, akautoa uani. Lilikuwa jua la saa saba. Kioo kikawa cheusi kama sufuria ya ubwabwa. Latifu akakiinamia, akakikinga kwa kofia yake, akageuza kichwa huku na huku.

"Soma sasa," nikamwambia.

Akarudisha kofia kichwani.

Mtambo wa pili ulikuwa mdogo, una swichi tatu. Fundi akaeleza kwamba ndani yake zimo sauti nyingi. "Ukitaka ya tano, unakanyaga hii, unashikilia, halafu unakanyaga ile."

"Nikiwa nimeshikilia, wimbo unanisubiri?"

"Hausubiri, Mama Hajira."

"Basi huo wape wanaopiga vyumbani."

Wa tatu ulikuwa wa chuma, mzito, umechubuka rangi pembeni. Una swichi kumi, safu mbili, na safu ya nyuma imeinuliwa kama ngazi. Latifu akasema ni wa kizamani. Nikavua ndala, nikapanda mguu. Safu ya nyuma ilipoinuliwa hivyo, vidole vyangu viliifikia bila kisigino kuangukia safu ya mbele. Kati ya swichi na swichi palikuwa na nafasi ya mguu mmoja kupita bila kumgusa jirani. Nikafumba macho nikazipita zote kumi, nikarudi. Sikukosea hata moja.

Nikamwomba fundi auzime ukutani huku napiga.

"Kuuzima kabisa?"

"Kama jenereta la Kongowe linavyozima."

Akazima, akawasha. Ukaamka hapo hapo, na ukaamka kwenye sauti ile ile niliyokuwa naipiga. Tukarudia kwa ule wa kioo. Ule ulianza kuonyesha picha, ukafikiri, ukaonyesha picha nyingine. Bibi harusi angekuwa amefika kitini na kuombewa dua. Halafu nikasikiliza zinavyobadilika sauti. Ule wa kioo ulikuwa unakata kidogo katikati, kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema uongo. Wa chuma haukukata.

Makanyagio ya kusukuma yalituchukua muda zaidi. Kazi yake ni kama kanyagio la cherehani: unalaza kisigino sauti inashuka, unalaza vidole inapanda. Latifu akashika la plastiki kwa kuwa ni jepesi kubeba. Nikalitandikia mkeka, kwa kuwa kwenye shughuli zetu nusu ya jukwaa ni mkeka, nikalisukuma. Likakimbia na mguu wangu mpaka ukutani. La chuma lilibaki mahali pake. Lilikuwa na skrubu ubavuni ya kukaza na kulegeza.

"Kaza kidogo, fundi. Tena. Hapo umezidisha, rudisha robo."

"Hapo?"

"Hapo. Nikiliacha nusu njia libaki nusu njia. Hili lililolegea linaanguka lenyewe, na sauti inaanguka nalo."

Tukachukua mawili ya namna hiyo, la kushoto la kupandisha na kushusha sauti, la kulia la kuliza gitaa. Fundi akauonyesha mtambo mwanzo na mwisho wa mguu wangu: kisigino chini kabisa, akabonyeza, vidole chini kabisa, akabonyeza tena. Akamgeukia Latifu. "Bwana, nimewauzia watu wa mjini wanaochagua kwa rangi. Huyu anajua anachotafuta."

Latifu akahesabu hela za bendi. Njia nzima kurudi Kibaha alizungumza na simu.

Kwa miezi miwili, kila baada ya Alasiri, nilifunga kazi ya cherehani nikakaa na mtambo. Hajira alinisomea kijitabu cha mtambo, mimi nikatafuta sauti. Kumi tu, kila swichi na yake. Kwa kuwa siandiki majina, niliziita kwa vitambaa. Satini ni ya kumwingiza bibi harusi. Khanga mbichi ni kavu, ina ukali wa kitu kipya. Gunia ni ile ya kukwaruza, ya vijana wanapocheza. Ili mguu uzijue nikagundisha vifungo vya nguo juu ya swichi. Kifungo kikubwa cha koti kwenye gunia, kifungo kidogo cha shati kwenye satini, cha chuma cha jinzi kwenye khanga mbichi, na kadhalika mpaka kumi, hakuna viwili vinavyofanana. Mguu peku ukigusa tu unajua. Mwisho nikaushonea mkoba wa turubai wenye bitana ya blanketi.

Mtambo ulikuwa mpana. Wiki hiyo nikamwomba Latifu anipe nafasi kubwa zaidi jukwaani, pale mbele upande wa kulia, maana mahali pangu pa zamani pasingeutosha. Akasema atalishughulikia.

Alhamisi akaniita barazani kwake, nije na mtambo. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Fadhila, mwimbaji wetu ambaye pia ni katibu wa bendi. Fadhila nimemshonea nguo za jukwaani tangu aingie bendi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi, karatasi mapajani.

"Shemeji," Latifu akasema, "siku hizi kila kitu cha bendi kina karatasi. Na mtambo uwe nayo, ijulikane uko kwa nani. Ni makabidhiano tu."

Makabidhiano nayajua. Soko letu lilipopata viongozi wapya walifanya makabidhiano. Mtu anapewa kitu, watu wanaona. Latifu akaichukua karatasi kwa Fadhila, akaisoma haraka, kama anayesoma majina ya waliochangia msiba.

"Mimi, Mwamvita Mwinyijuma, mpiga solo, nakabidhi mtambo wa miguu, makanyagio mawili na nafasi yake jukwaani, kwa hiari yangu, mbele ya katibu wa bendi."

Yeye alisoma nakabidhi. Mimi masikio yangu yalimalizia: nakabidhiwa. Mtambo umelala magotini mwangu, mkoba nimeushona mimi, miguu ni yangu. Ningesikia nini kingine? Na nafasi niliielewa kuwa ile niliyoiomba, mahali pa kuuweka. Sikunyamaza hata hivyo. Niliuliza.

"Hiyo nafasi ndiyo ile tuliyozungumza?"

"Ndiyo hiyo hiyo, shemeji."

Akanisugulia peni kwenye dole gumba mpaka likawa la bluu, akalishika mwenyewe, akalibonyeza kwenye karatasi. Fadhila akaweka sahihi chini yake. Latifu akasema niache mtambo pale mpaka Jumapili, fundi umeme aangalie plagi. Nikauacha. Nilirudi nyumbani nikanawa dole kwa sabuni ya kufulia, na nilikuwa naimba.

Jumamosi Fadhila akanipigia simu kwamba shughuli ya Jumapili imeahirishwa. Jumatatu asubuhi, nikiwa kwenye cherehani, bodaboda ikasimama. Akashuka mtu mzima wa miaka thelathini hivi, viatu vinang'aa, na mkoba wangu wa turubai begani.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huo mkoba umeutoa wapi?"

"Naitwa Badru, natokea Mbagala. Mimi ndiye solo mpya. Mama, sina noma na wewe. Nimekuja kuomba darasa."

"Darasa la nini?"

"La vifungo." Akaufungua mkoba. "Jana nilichemka vibaya. Bibi harusi anaingia, mimi nakanyaga, linatoka kitu kama mashine ya kusaga. Watu wakageuka wote. Mpaka babu mmoja akaziba masikio."

"Jana wapi?"

"Hapa hapa Kongowe, kwenye harusi. Hukuambiwa?"

Niliacha kukanyaga cherehani. Nilimwambia mtambo ni wangu, nimekabidhiwa Alhamisi mbele ya katibu.

Badru akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniudhi kuliko yote. "Mama, nimeiona hiyo karatasi. Imeandikwa umekabidhi. Umekabidhi mtambo na umekabidhi nafasi. Bosi ametuambia umepumzika mwenyewe, magoti yanakusumbua."

"Magoti."

"Ndivyo alivyosema."

"Nenda kaniletee kitenge kile pale kwenye msumari."

Akakileta. Nilichuchumaa nikakitandika chini, nikasimama bila kushika kitu. Akaona. Akasema, "Dah," akakaa kwenye benchi la wateja.

Nikamwambia auwashe. Akachomeka, nikaweka miguu yangu juu yake, na kila kitu kilikuwa pale pale nilipokiacha. Fundi Zaidi alikuwa amenionyesha kwamba ukikanyaga swichi mbili za pembeni kwa pamoja na kuzishikilia, mtambo unajisahau, unakuwa kama umetoka kiwandani. Nilikuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule. Nilitaka kufuta. Nilitaka Latifu akae kwenye shughuli yake ijayo na sanduku tupu la chuma. Lakini sauti zile zikifutika, hakuna kitakachobaki duniani cha kuonyesha kwamba nilikaa miezi miwili nikizitengeneza. Zingebaki maneno yangu tu, na maneno ya mtu asiyesoma nimeshaona yanavyopimwa. Nikaondoa miguu.

Nikachukua wembe wa kufumulia mishono, nikabandua vifungo kimoja kimoja, vyote kumi.

"Mama, sasa mimi nitajuaje ipi ni ipi?"

"Umesoma. Ziandikie majina."

"Nimevaa viatu pale, na kuna giza la turubai. Sioni."

"Hilo mwambie aliyekupa kazi. Vifungo ni vya dukani kwangu. Mtambo ni wa bendi, urudishe. Mguu ni wangu, naubakiza."

Aliondoka bila ubishi. Sina ugomvi na Badru. Alidanganywa kama mimi, tofauti ni kwamba yeye alipewa kitu.

Kesho yake nilikwenda kwenye mazoezi, uani kwa Latifu. Walikuwapo wote. Nilimkuta anapanga spika, hakuinuka.

"Karibu, shemeji. Umekuja kututazama?"

"Nimekuja kupiga."

"Umeshakabidhi."

"Uliniambia ni makabidhiano. Mtambo ulikuwa kwangu. Nilielewa nakabidhiwa. Kwa nini nikabidhi kilicho mikononi mwangu?"

"Hicho ndicho mtu anachokabidhi, kilicho mikononi mwake." Akageukia wenzake apate kicheko, na wawili wakampa. "Nilisoma kilichoandikwa. Mimi sikusema 'wa'. Ulisikia nikisema 'wa'?"

"Nilikuuliza kuhusu nafasi. Ukasema ndiyo hiyo hiyo."

"Hukuuliza kitu. Shemeji, tusivunjiane heshima. Wateja wa mjini wanataka jukwaa lipendeze. Hawataki kumwona mama wa watu amesimama peku mbele kama yuko kisimani. Umefanya kazi, tunashukuru. Pumzika."

Hapo ndipo ilipokuwa tangu mwanzo. Miguu aliyosema ni yangu alipotaka mtambo mzuri uchaguliwe, ndiyo iliyokuwa aibu mtambo ulipokamilika. Angenifukuza mchana kweupe, kwa mdomo wake, ningelia na ningeondoka. Lakini wenzetu wangeuliza sababu, na wakwe zangu wangemuuliza kuhusu mke wa kaka yake. Kwa hiyo alitaka iwe mimi niliyejitoa. Hata kufukuzwa kwangu alikufanya kuwe kazi ya mkono wangu.

Nikamgeukia Fadhila. Alikuwa amekaa kwenye spika, amevaa blauzi niliyomshonea mwezi wa Ramadhani.

"Fadhila, wewe ulikuwa barazani. Niliuliza au sikuuliza?"

Akavuta mtandio ukafunika nusu ya uso. "Dada, mimi nilikuwa naangalia simu."

"Karatasi ilikuwa mapajani mwako. Uliiandika wewe?"

"Niliambiwa niandike, nikaandika."

"Sikukuuliza uliambiwa nini. Nimekuuliza ulichosikia."

"Dada Mwamvita, usinitie kwenye mambo ya familia."

Mpiga ngoma alikuwa anaangalia vijiti vyake. Latifu akaendelea kupanga spika. Nikaondoka. Nyuma yangu Badru alianza kujaribu swichi moja moja. Nikasikia gunia, nikasikia khanga mbichi, nikasikia satini, zote zangu, zinatoka bila mpangilio kama nguo zinazotupwa nje ya nyumba.

Ni mwezi wa nne sasa tangu siku hiyo. Wakwe walikutana, wakasoma karatasi, wakaona dole, wakaniambia nisamehe. Nimekataa. Ili umsamehe mtu lazima kwanza akubali kuna alichofanya, na huyu anadai mimi ndiye niliyefanya.

Bendi inaendelea kupiga. Juzi walipiga harusi nyumba ya tatu kutoka kwangu, na wageni wakasifu sauti ya gitaa. Mwenye shughuli, mama mmoja mwenye nia njema, alikuja kesho yake kuchukua gauni, akaniambia, "Yule kijana ana sauti nzuri." Nikampa gauni lake.

Gitaa ninalo. Napiga nyumbani bila waya. Hajira amesema nikafundishe watoto, nikamwambia nitafundisha nikitaka mimi, si kwa sababu nimefukuzwa.

Latifu bin Mashaka ana deni langu. Simdai mtambo, maana ulinunuliwa na bendi. Namdai asimame uani kwake, watu wale wale wakiwapo, aseme kwa mdomo, bila karatasi, kwamba sikukabidhi nafasi yangu, kwamba aliichukua, na kwamba sauti kumi zinazomlisha sifa ni kazi ya miguu yangu. Akishasema hayo anaweza kubaki na mpiga solo anayemtaka.

Na Fadhila ana deni langu dogo kuliko la Latifu, ambalo linaniuma zaidi. Namdai sentensi moja. Aseme kwamba niliuliza.